Kiwambo cha sauti ndani ya trasti: jinsi ya kukimiliki Marekani bila kuwaponza wa nyumbani

Bunduki ya kawaida ikiwa ndani ya sefu yako huko Texas au Iowa, na mkeo anajua namba ya kuifungua, sheria ya shirikisho haina neno naye, mradi yeye mwenyewe hajazuiwa kuwa na silaha. Kiwambo cha sauti, kile kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza mlio wa bunduki, kina mambo yake. Kikisajiliwa kwa jina lako peke yako, ni wewe tu unayeruhusiwa kuwa nacho. Ukienda kazini ukamwachia ufunguo wa sefu, mwendesha mashtaka anaweza kudai kwamba kiwambo kile kiko mikononi mwake, na kuwa na kiwambo ambacho hakikusajiliwa kwa jina lako ni kosa lenye adhabu ya hadi miaka 10 jela. Yeye hajawahi hata kukigusa.

Hapo ndipo trasti inapoingia. Wengi wetu tulisikia habari zake dukani, muuzaji akiisema harakaharaka kama kitu cha kuongeza kwenye risiti, na tukadhani ni ujanja wa kukwepa ukaguzi. Sivyo. Ni hati ya kusema wazi, mbele ya serikali, ni nani katika familia yenu anaruhusiwa kukishika kifaa hiki na nani atakirithi. Nimeandika mwongozo huu kwa Waswahili walioko Marekani, Wakongo wa Des Moines na Louisville, Watanzania na Wakenya wa Dallas na Minneapolis, walioanza kuwinda au kwenda kwenye viwanja vya shabaha. Mimi si wakili. Pale nitakaposema umwone wakili, nina maana hiyo hasa.

Kifaa chenyewe

Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kiwambo cha sauti mwaka 1909. Mwaka 1934 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Taifa ya Silaha, inayojulikana kwa herufi tatu, NFA, ikakiweka kiwambo kapu moja na bunduki za rashasha. Kwa kawaida kila kilipohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kililipiwa kodi ya dola 200, na kiwango hicho hakikubadilika kwa zaidi ya miaka 90. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kodi hiyo kwa viwambo ni dola 0. Kuna waliosikia habari hizi wakadhani usajili nao umekwisha. Haujaisha. Fomu ni zilezile, alama za vidole ni zilezile, na adhabu ya kuwa na kiwambo kisichosajiliwa ni ileile.

Kumbuka pia kwamba machoni pa sheria ya shirikisho kiwambo peke yake ni silaha, hata kama hakuna bunduki karibu.

Tena, kiwambo si kile cha sinema. Mlio wa bunduki ya uwindaji huweza kufika desibeli 160 au zaidi, na mlio mmoja tu unaovuka desibeli 140 unatosha kuumiza sikio moja kwa moja. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Jirani bado atasikia, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe ambao kiwambo hakiuzuii. Faida yake ni masikio yako, masikio ya mwanao aliye pembeni yako, na utulivu wa mkono maana bunduki hairuki sana. Kwenye uwanja wa shabaha vaa viziba masikio hata ukiwa na kiwambo.

Trasti ni nini kwa lugha ya kwetu

Anayejua wakfu wa pwani ataelewa haraka. Mtu anatoa nyumba au shamba, mutawalli analisimamia, na wapo waliotajwa kunufaika nalo. Mali haiko tena kwa jina la mtu mmoja, iko ndani ya wakfu. Trasti ya Marekani ina viungo hivyohivyo vitatu: mwanzilishi anayeiunda, wadhamini wanaoshika na kusimamia mali, na wanufaika watakaoipata baadaye. Tofauti kubwa ni kwamba trasti inayotumika kwa silaha kwa kawaida inaweza kubadilishwa au kuvunjwa wakati wowote mwanzilishi akiwa hai, ilhali wakfu ukishawekwa umewekwa. Mwanzilishi pia anaweza kuwa mdhamini mwenyewe, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Kiwambo kikinunuliwa na trasti, kinasajiliwa kwa jina la trasti. Kila mdhamini anaruhusiwa kuwa nacho, kukibeba na kukitumia bila mwenzake kuwepo. Mume akiwa safarini, mke mdhamini anaweza kukipeleka uwanjani peke yake.

Je, kila mtu anahitaji trasti? Hapana. Ukiwa unaishi peke yako, huna wa kushirikiana naye na sefu ni yako tu, sajili kwa jina lako na uepuke makaratasi. Mwingine unaweza kumwazima kiwambo uwanjani mkiwa pamoja, wewe ukiwa palepale. Lakini ukiwa na mke au mume, kaka mnayewinda pamoja, au mtoto mkubwa aliyezoea kufungua sefu, trasti ina thamani kuliko kiwambo chenyewe.

Hatua ya kwanza: angalia jimbo lako na hadhi yako

Majimbo 42 yanaruhusu raia wa kawaida kumiliki kiwambo. Manane hayaruhusu: California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island. Washington DC nayo hairuhusu. Ukiishi huko, trasti haitakusaidia, hata iandikwe na wakili gani. Connecticut inaruhusu kumiliki lakini hairuhusu kuwinda nacho, kwa hiyo soma pia kanuni za uwindaji za jimbo lako. Muuzaji mwenye leseni hawezi kumkabidhi kiwambo mtu aliye chini ya miaka 21.

Sasa hadhi ya uhamiaji, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa watu waliozaliwa Marekani na hulipita jambo hili.

Mwenye grinikadi anaweza kumiliki silaha, na kiwambo pia, kama raia, mradi hana zuio lingine. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kanuni ya jumla amezuiwa kuwa na silaha yoyote. Kuna mianya michache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usiitegemee kabla wakili hajaipitia. Asiye na karatasi kabisa amezuiwa. Viza ya mchumba, ile ya K-1, nayo ni viza ya muda. Kwa hiyo mchumba wako aliyefika mwezi uliopita kutoka Mombasa au Bujumbura, ambaye bado anangoja grinikadi, hafai kuwa mdhamini, na hafai kujua namba ya sefu. Mwambie mapema, kwa upole, asidhani unamficha kitu. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi hayuko kwenye kundi la viza za muda, ila amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kuweka sahihi popote.

Kwa nini nalisisitiza hili? Raia akikosea sheria ya silaha hulipa faini au hufungwa, kisha hurudi nyumbani. Asiye raia, hata mwenye grinikadi ya miaka 20, akitiwa hatiani kwa kosa la kununua au kumiliki silaha kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini.

Mazuio mengine yanamhusu kila mtu: aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja jela, aliyetiwa hatiani kwa kupiga mwenza hata kama kosa lilihesabiwa dogo, mwenye amri ya mahakama ya kumzuia asimkaribie mwenza, mtoro wa mahakama, aliyefukuzwa jeshini kwa fedheha, na mtumiaji wa dawa za kulevya. Bangi imo, hata kama jimbo lako limeihalalisha na duka lake liko mtaani kwako. Fomu ya shirikisho ya kununulia silaha inauliza na inakuonya waziwazi.

Hatua ya pili: chagua watu kabla ya kuchagua kiwambo

Watu huanza na picha za viwambo kwenye simu. Anza na kalamu na majina.

Mdhamini ni mtu ambaye ungempa ufunguo wa sefu leo. Hicho ndicho kipimo changu, na sijaona kingine kinachokishinda. Usimweke shemeji kwa sababu atanuna usipomweka. Ukishamweka, ana haki ya kuja kukichukua kiwambo kesho asubuhi bila kukuuliza, isipokuwa hati imeweka mipaka. Akipatikana na zuio lolote kati ya hayo niliyoyataja, kuwa nacho kunamtia yeye hatarini, na kumwachia kwako kunakutia wewe.

Kaa na kila mmoja, ana kwa ana, umuulize maswali yaleyale ya fomu. Umewahi kukamatwa? Kesi iliishaje? Hadhi yako ya uhamiaji ni ipi leo? Ni maswali yasiyozoeleka kuulizana kwetu, hasa kwa mkubwa. Ukiona haya kumuuliza mjomba, basi mjomba asiwe mdhamini. Akijibu kwa kuzungukazunguka, mwache nje.

Mdhamini mrithi ni tofauti. Huyu hashiki chochote sasa. Anachukua usukani wewe ukifa au ukishindwa kusimamia. Chagua mtu anayejua makaratasi, anayeishi Marekani, na asiye na zuio. Ndugu aliyeko Arusha anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote, lakini hawezi kuja kufungua sefu yako Houston wiki ile ya msiba.

Mnufaika anaweza kuwa mtoto mdogo. Haruhusiwi kushika chochote mpaka sheria imruhusu, na kwa kuwa hana mamlaka juu ya mali, hadaiwi alama za vidole. Angalia tu hati isimpe mamlaka hayo kwa bahati mbaya. Nimeona hati ya kunakili kutoka mtandaoni iliyosema wanufaika wanaweza kuitumia mali ya trasti wakati wowote, na mstari huo mmoja ulitosha kuwaingiza watoto wa shule kwenye orodha ya watu wanaodaiwa fomu na alama za vidole.

Hatua ya tatu: andika hati

Unaweza kununua hati iliyotayarishwa na duka au kampuni ya mtandaoni kwa makumi ya dola, au ukamlipa wakili mia kadhaa. Familia ya kawaida yenye raia watupu inaweza kutosheka na ile ya bei nafuu, mradi imeandikwa kwa ajili ya silaha za NFA na kwa sheria ya jimbo lako. Trasti ya kawaida ya kurithisha nyumba haifai, maana inaweza kumwamuru mdhamini auze au agawe mali bila kujua kwamba kiwambo hakigawiwi bila idhini. Kukiwa na mtu asiye raia katika orodha, au ndoa ya pili, au watoto wa mama tofauti, lipa wakili.

Jina la trasti liwe fupi. Likiwa refu litakuchosha kwenye kila fomu, na siku ukiamua kutengeneza kiwambo chako mwenyewe kwa Fomu 1, ile ya kuomba idhini ya kutengeneza, jina hilo ndilo litakalochongwa kwenye chuma pamoja na mji na jimbo. Si lazima libebe ukoo wako. Liandike vilevile kila mahali, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta.

Majina ya watu nayo. Hapa sisi tuna shida yetu. Leseni ya udereva inasema majina mawili, grinikadi matatu, na pasipoti ya nyumbani imepanga jina la baba mahali pa ukoo. Chagua jina lililo kwenye kitambulisho cha serikali utakachokwenda nacho dukani, ulitumie hilo kwenye hati na kwenye fomu, na majina mengine yote uliyowahi kutumia uyataje panapoulizwa. Ukiwa na jina la kawaida kama Juma au Mohamed na umezoea kucheleweshwa kila unaponunua bunduki kwa kufananishwa na mtu mwingine, FBI ina mpango wa hiari wa kuweka faili lako na kukupa namba, UPIN, inayokutofautisha na wenye jina kama lako. Iombe mapema.

Trasti lazima iwe na mali ndani yake ili iwe trasti. Nyingi huanza na kiasi kidogo, dola 10 kwa mfano, kilichoandikwa kwenye jedwali la mali mwishoni mwa hati. Jedwali hilo ndipo kiwambo kitaandikwa baadaye.

Weka sahihi mbele ya notari. Majimbo mengine yanataka mashahidi pia. Hata pasipotakiwa, fanya. Kisha skani kurasa zote, pamoja na viambatisho na marekebisho, ziwe faili moja safi ya PDF. Ukurasa uliopinda au uliokatwa pembeni unaweza kurudisha maombi yako.

Swali linaloulizwa sana: niwaweke wadhamini wote tangu mwanzo, au niongeze baadaye? Kila mdhamini aliyemo siku ya maombi lazima apeleke picha, alama za vidole na fomu yake. Anayeongezwa baada ya idhini hadaiwi fomu mpaka trasti itakapoomba kitu kingine. Hapo naye ataingia kwenye ukaguzi pamoja na wote. Kwa hiyo wengi huanza na mwanzilishi peke yake, kisha humwongeza mke kwa hati ya marekebisho. Ni halali. Mimi hupenda kumweka mke tangu mwanzo, akaguliwe, jibu lirudi, kila mmoja alale usingizi. Kaka wa mbali anaweza kungoja. Usibadilishe wadhamini maombi yakiwa bado hayajajibiwa.

Hatua ya nne: kununua

Bei mara nyingi ni kati ya dola 300 na 1,200. Kwa anayeanza, kiwambo cha kaliba .22 ni chepesi na cha bei nafuu, na ndicho utakachofurahia kukitumia na vijana. Kwa kuwinda nguruwe mwitu Texas au kulungu Iowa, chukua cha kaliba .30, kitafaa bunduki za kaliba ndogo zaidi pia. Hakikisha mtutu wa bunduki yako una nyuzi za kufungia, na muulize muuzaji saizi ya nyuzi hizo kabla hujalipa.

Lazima ukabidhiwe na muuzaji wa jimbo lako mwenye leseni ya silaha na aliyelipia kodi ya wauzaji wa silaha za NFA. Ukikipenda kilicho jimbo jingine, duka la huko litakituma kwa duka la kwako kwa fomu ya wafanyabiashara, Fomu 3, na wewe utaanzia hapo. Risiti iandikwe kwa jina la trasti.

Jihadhari na vifaa vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa kama vya kushikia mafuta ya kusafishia bunduki, vile vyenye bomba na vikombe ndani. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, imewahi kuvihesabu kuwa viwambo visivyosajiliwa na kuwaandikia barua walionunua. Mzigo unafika mlangoni, na wewe tayari una kesi.

Hatua ya tano: maombi

Fomu ya kuhamisha kiwambo kutoka kwa muuzaji kwenda kwa trasti ni ATF Fomu 4. Inajazwa kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao eForms. Fungua akaunti yako na utunze namba ya siri, maana ndiyo sahihi yako mbele ya muuzaji. Utahitaji haya mezani:

- PDF ya trasti nzima, si ukurasa wa kwanza na wa mwisho.
- Fomu 5320.23 kwa kila mwenye mamlaka: mwanzilishi na kila mdhamini. Inauliza uraia wako, na asiye raia anaandika namba yake ya uhamiaji.
- Picha ya inchi 2 kwa 2 ya kila mmoja, iliyopigwa ndani ya mwaka mmoja. Ni saizi ileile uliyoizoea kwenye fomu za uhamiaji.
- Alama za vidole za kila mmoja, kwenye kadi za FD-258 au faili la kielektroniki. Maduka mengi yana mashine yake.

Nakala ya Fomu 4 na ya kila Fomu 5320.23 hupelekwa kwa mkuu wa polisi au sherifu wa mahali anapoishi kila mhusika. Ni taarifa tu. Kabla ya tarehe 13 Julai 2016, aliyeomba kwa jina lake mwenyewe alihitaji sahihi ya ofisa huyo, na wako waliokataliwa bila sababu. Trasti ilikuwa njia ya kumpita. Kanuni mpya ya mwaka huo, inayoitwa 41F, iliondoa sahihi hiyo kwa wote, ikaleta alama za vidole na picha kwa wadhamini. Mtu akikuambia leo kwamba trasti inakuepusha na ukaguzi, anakusimulia mambo ya kabla ya 2016.

Ukiomba kiwambo cha pili ndani ya miezi 24 tangu trasti yako ilipopokelewa kwenye maombi yaliyoidhinishwa, na haijabadilika hata kidogo, unaweza kuthibitisha hivyo badala ya kuipeleka yote upya.

Hatua ya sita: kungoja na kuchukua

Kiwambo kinabaki dukani mpaka idhini itoke. Zamani watu walingoja miezi 8, hata mwaka mzima. Tangu 2024 maombi ya mtandaoni mengi yamejibiwa kwa siku au wiki, lakini foleni huongezeka na kupungua. Usipange tarehe ya kuwinda kwa kutegemea barua ya serikali.

Maduka mengi hukuruhusu kukitumia kwenye uwanja wao wenyewe wakati unangoja, wao wakiwepo. Uliza.

Idhini ikitoka, mdhamini mmoja huenda dukani na kitambulisho, anajaza Fomu 4473, ile ya kununulia silaha, kwa mkono wake, na muuzaji anamaliza taratibu zake. Asiende mtu ambaye si mdhamini, hata akiwa mwanao wa kumzaa na anapita njia hiyo kila siku.

Ukifika nyumbani andika kiwambo kwenye jedwali la mali: mtengenezaji, modeli, kaliba, namba, tarehe.

Hatua ya saba: kuishi nacho

Sheria inamtaka mwenye kiwambo awe na uthibitisho wa usajili na auonyeshe ATF wakiuhitaji. Weka nakala ya Fomu 4 iliyoidhinishwa na ya trasti kwenye bahasha ndani ya begi la bunduki, na picha zake kwenye simu. Nakala halisi zibaki nyumbani. Askari wa barabarani au mlinzi wa wanyamapori akikuuliza, karatasi hiyo inamaliza mazungumzo kwa dakika mbili, na mdhamini mwingine awe na nakala yake yenye jina lake humo ndani.

Kuvuka jimbo na kiwambo hakuhitaji kibali cha ATF, tofauti na bunduki za mtutu mfupi au za rashasha. Kinachohitaji ni akili ya ramani. Kutoka Davenport, Iowa, hadi Illinois ni daraja moja juu ya Mto Mississippi. Huku ni halali, kule ni kosa. Mkongo wa Portland, Maine, anayekwenda harusini Boston akisahau begi la uwindaji ndani ya gari ameingia Massachusetts na shauri zito. Pekua gari kabla ya safari ndefu.

Nyumbani Afrika Mashariki usikifikirie kabisa. Kukitoa Marekani kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na kukiingiza kwetu ni kujitafutia kesi ya pili upande wa pili wa bahari. Hata kipande chake ndani ya sanduku la nguo. Anayekuomba umletee, mkatalie, hata kama ni mkubwa wako.

Kuna kosa moja ninalolikuta mara kwa mara kwa waliokuwa na kiwambo kabla ya kujua trasti. Wanaunda trasti, wanakiandika kiwambo cha zamani kwenye jedwali, wanamwongeza mke, wanaona wamemaliza. Hawajamaliza. Kuhamisha kiwambo kutoka kwa jina lako kwenda kwa trasti ni uhamisho kamili, unaodai Fomu 4 na idhini kwanza. Zamani wengi walikwepa kwa sababu ya dola 200. Kwa kuwa sasa kodi ni 0, huu ndio wakati wa kulirekebisha.

Ndoa ikivunjika, andika marekebisho ya kumwondoa mdhamini siku ileile mnapokubaliana, badilisha namba ya sefu, na chukua kilicho mikononi mwake. Hali kadhalika mdhamini akishtakiwa kwa kosa kubwa au akiwekewa amri ya mahakama.

Na ukifa: mdhamini mrithi anashika usukani kwa nguvu ya hati, bila kungoja mahakama ya mirathi. Anakitunza kiwambo kwenye sefu, hamwazimi mtu, kisha anamwombea mnufaika kwa Fomu 5, ambayo ni ya uhamisho usiotozwa kodi. Mnufaika akiwa bado mdogo, trasti inaendelea kukishika mpaka afike umri. Akiwa anaishi jimbo lisiloruhusu, au nje ya Marekani, mdhamini mrithi atakiuza kwa muuzaji mwenye leseni na kumpa mnufaika fedha. Agizo hilo liandikwe ndani ya hati sasa, ukiwa hai. Na mwambie mdhamini mrithi sefu iko wapi, bahasha iko wapi, na wakili ni nani. Siku ya msiba nyumba hujaa watu wanaotaka kusaidia, mmoja atafungua kabati kutafuta blanketi, mwingine atabeba begi kulipeleka kwake lisipotee.